Alama ya Dole Gumba Chini ya Rangi

Jirani yangu alileta baiskeli asubuhi, akaiegemeza ukutani, akachuchumaa, kisha akaweka ncha ya kidole kwenye bomba la juu la fremu, karibu na pale linapoungana na bomba la kiti. Hakulalamika. Alisema tu, "Fundi, hapa pamevimba."

Nilichuchumaa kando yake. Palikuwa na malengelenge matano, kila moja dogo kama kichwa cha pini, yamejipanga kwa upinde. Nilipochokoa moja kwa ukucha, rangi ilibanduka pamoja na praima yake (ile rangi ya kwanza inayoshika chuma), kipande kizima, na chini yake chuma kilikuwa na mistari myembamba ya kahawia iliyopinda, mmoja ndani ya mwingine, imekaribiana kiasi kwamba ilinibidi nisogeze uso ili niitenganishe.

Niliitambua mistari ile kabla sijawa tayari kuikubali.

Ilikuwa alama ya dole gumba.

Fremu hiyo niliikwangua mwenyewe miezi mitano kabla ya asubuhi ile. Niliitoa rangi ya zamani hadi chuma kikabaki kitupu, nikaipiga msasa, nikaifuta kwa thina, nikaipaka praima na mikono miwili ya rangi ya kijani, nikamrudishia mwenyewe nikiwa na hakika kwamba kazi ile ingekaa miaka. Nimekuwa nikifanya kazi za namna hii kwa muda mrefu, kiasi kwamba hatua nyingi mikono huzifanya yenyewe. Kwa hiyo malengelenge yale yalinikaa kichwani wiki baada ya wiki, hata nilipokuwa kwenye shughuli zisizohusiana kabisa na chuma. Mtu aliniamini na chombo anachokitumia kila siku, nami nilikuwa nimemkabidhi kutu iliyofunikwa vizuri.

## Nilianza kwa kuishuku rangi

Jambo la kwanza nililofanya ni kulichunguza kopo. Nilitazama tarehe, nikakoroga kilichobaki, nikapaka kwenye kipande cha chuma na kusubiri. Rangi ilikuwa nzima. Nikahamia kwenye praima, nayo ilikuwa nzima. Nikaishuku thina, pengine imechanganywa na kitu kizito. Nikadondosha tone lake kwenye kioo kisafi, likakauka bila kuacha doa. Kisha nikaishuku hali ya hewa, na hapo niliukaribia ukweli bila kuufikia, kwa maana nilikumbuka kwamba mvua ilianza kunyesha alasiri ile ile nilipomaliza msasa, nikaamua kuiahirisha praima hadi asubuhi.

Lakini hali ya hewa ingeidhuru fremu nzima. Uma wa mbele ulikuwa safi. Bomba la chini lilikuwa safi. Niliipindua baiskeli nikakagua kila kiungo, na mahali pengine pekee palipovimba palikuwa upande wa chini wa bomba lile lile la juu, ambapo palikuwa na madoa manne yaliyokaa kwa mstari.

Dole gumba juu, vidole vinne chini.

Hivyo ndivyo mtu anavyobeba fremu kwa mkono mmoja. Nikakumbuka: matone ya kwanza yalipoanguka nilikimbiza fremu ndani, na glovu nilikuwa nimezivua muda mfupi kabla ili nifunge dirisha. Kumbukumbu hiyo ingetosha kuumaliza mjadala kama isingefuatwa na nyingine iliyonitatiza zaidi. Asubuhi yake, kabla ya praima, niliifuta fremu yote kwa thina na tambara safi. Sikuruka mahali. Nilikuwa nimefundishwa, na mimi nimewafundisha wengine, kwamba alama ya mkono ni mafuta na kwamba thina huondoa mafuta.

Basi kwa nini alama ile haikuondoka?

## Vibamba sita

Sikupata jibu kwa kuwaza. Nilikata vibamba sita vya ukubwa wa kiganja kutoka kwenye bamba moja la chuma chembamba, nikavitia mapengo kwa tupa ukingoni, kimoja pengo moja, kingine mawili, hadi sita, ili praima isije ikanipotezea hesabu. Vyote nilivisafisha sawa: maji na sabuni, thina, kisha msasa namba 180 hadi chuma kikang'aa kote bila doa jeusi.

Kibamba cha kwanza nilikifuta na kukipaka praima saa hiyo hiyo bila kukigusa. Cha pili nilikibonyeza kwa dole gumba mara baada ya msasa, nikakipaka papo hapo. Cha tatu ndicho kilichorudia kosa langu: nilikibonyeza, nikakiacha usiku kucha mahali penye unyevu, asubuhi nikakifuta kwa thina na kukipaka. Cha nne nilikibonyeza na kukilaza vile vile, lakini asubuhi nilikisuuza kwa maji safi, nikakikausha mara moja kwa hewa ya moto, nikakipiga msasa upya, ndipo nikakifuta kwa thina. Cha tano hakikuguswa kabisa, ila kilifutwa kwa tambara lililokwisha kutumika siku nzima. Cha sita kililala kitupu usiku mmoja bila kuguswa, kikapakwa asubuhi bila kufanyiwa kitu.

Jambo moja nililiona kabla hata ya praima. Kibamba cha tatu, nilipokitoa asubuhi, kilikuwa na ukungu hafifu tu pale nilipobonyeza. Nilipokifuta kwa thina ukungu ule ulitoweka, chuma kikawa safi, na fundi yeyote angekipitisha. Nilichukua kioo cha kukuzia, nikakiinamisha kibamba chini ya tochi mpaka mwanga ukaja kwa ubavu. Juu ya ile mistari ya dole kulikuwa na vitone vya rangi ya chungwa, vidogo mno, vimejipanga mfano wa mshono. Tambara lilikuwa limepita juu yake na kuviacha palepale.

Vibamba vyote, praima ilipokauka vizuri, nilivitundika kwa waya ndani ya ndoo yenye maji kidogo chini na kifuniko juu. Kila asubuhi nilifungua kifuniko na kutazama.

Katika wiki ya pili kibamba cha tatu kilivimba, kwa upinde ule ule. Siku chache baadaye kikafuata cha pili. Cha tano hakikuvimba, lakini nilipokichora mistari kwa kisu na kukibandika utepe, nikauvuta, praima ilitoka kwa vipande vikubwa. Cha sita kilionekana kizima, ila kutu ilitambaa chini ya mistari ya kisu mbali zaidi kuliko ilivyotambaa kwenye cha kwanza. Cha kwanza na cha nne havikuwa na tatizo.

Najua vibamba sita ndani ya ndoo si maabara. Kwangu vilitosha, kwa sababu cha tatu na cha nne viliguswa na dole lile lile, vikalala usiku ule ule, vikatofautiana kwa namna vilivyosafishwa asubuhi.

## Thina haiyeyushi chumvi

Jasho halina mafuta tu. Lina maji, lina chumvi, lina asidi kidogo, na ngozi huongeza mafuta yake juu ya hayo. Mafuta huyeyuka kwenye thina. Chumvi huyeyuka kwenye maji, na thina hupita juu yake bila kuiathiri. Pengine huisambaza kidogo, lakini haiichukui. Kwa hiyo nilipokuwa nikifuta fremu kwa bidii asubuhi ile, nilikuwa naondoa mafuta na kuiacha chumvi ikiwa uchi juu ya chuma, kisha nikaifunika kwa praima.

Filamu ya rangi si kioo. Mvuke wa maji hupenya ndani yake polepole, na kwenye chuma kisafi mvuke huo huwa na madhara madogo, kwa sababu rangi imeshikamana na chuma kiasi kwamba maji hayana mahali pa kukusanyika. Palipo na punje ya chumvi mambo hubadilika. Chumvi huvuta maji. Ile ya kawaida huanza kujiyeyusha yenyewe kwa mvuke wa hewa tu, unyevu unapofika takriban asilimia 75. Chini ya rangi huvuta maji kutoka nje kuja ndani, ndiyo ile osmosisi tuliyosoma shuleni, tone hukua, na msukumo wake huinua filamu. Hapo kutu huanza, nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo huinua rangi zaidi. La kusikitisha ni kwamba kloridi iliyomo kwenye chumvi haiishi kwa kazi hiyo. Husaidia chuma kuyeyuka, huachiliwa, na kurudia tena mahali palepale.

Baada ya kulielewa hili nilirudi kwenye viwango ambavyo nimekuwa nikivitaja kwa miaka mingi. ISO 8501-1, mojawapo ya viwango vya kimataifa, ambayo asili yake ni viwango vya Uswidi, ni kiwango cha picha. Huonyesha chuma kilichoshika kutu kwa daraja A hadi D, na usafi wake baada ya kupigwa mchanga, kutoka chini kwenda juu: Sa 1, Sa 2, Sa 2½, Sa 3. Fundi hulinganisha kazi yake na picha. Nilikuwa nikiridhika pale, kwa maana jicho langu ni zuri na Sa 2½ naitambua kwa mbali. Lakini kuna kundi jingine, ISO 8502, ambalo hushughulika na yale yasiyoonekana: vumbi hupimwa kwa utepe, na chumvi hupimwa kwa kijaluba cha kunata kinachobandikwa juu ya chuma, maji safi yakaingizwa kwa sindano, yakavutwa tena, kisha ikapimwa jinsi yanavyopitisha umeme. Njia hiyo huitwa kwa jina la Bresle. Ipo kwa sababu chuma chenye chumvi kinaweza kung'aa sawasawa na chuma kisicho nayo.

Nilikuwa nalijua jina hilo. Nililiweka katika fungu la mambo ya meli na madaraja.

Kwa mafuta, angalau, kuna jaribio ambalo yeyote anaweza kulifanya bila chombo chochote. Mwagia chuma maji safi. Yakitandaa kama shuka moja lisilokatika, mafuta hakuna; yakijikunja na kuwa matone, mafuta yapo, hata kama tambara limetoka jeupe. Siku hizi maji hayo hunifanyia kazi mbili, kwa sababu yanayopima mafuta ndiyo yanayosuuza chumvi. Kinachobaki ni kukausha upesi, kwa hewa ya moto na si kwa kusubiri, kabla chuma hakijapata rangi ya chai.

Kuna jambo mafundi wa mitambo hulisema, nami nililipuuza: wapo watu ambao mikono yao hutia chuma kutu haraka kuliko mikono ya wengine, kwa sababu jasho halifanani. Mimi nadhani ni mmoja wao. Kila kifaa ninachokitumia bila mafuta hushika madoa pale ninaposhika.

## Usiku mmoja

Kibamba cha sita ndicho kilichonigharimu zaidi. Kwa kuwa hakikuvimba, nilishawishika kukiona kimefaulu. Ingekuwa rahisi: ningekwangua sehemu mbili zilizovimba kwenye fremu ya jirani, nikazitengeneza, nikamrudishia chombo siku mbili baadaye, naye angeshukuru.

Lakini fremu yote ililala kitupu usiku ule. Si bomba la juu pekee.

Chuma kilichotoka kwenye msasa hakijawahi kuwa dhaifu kiasi hicho. Madini yake yalichimbwa yakiwa yameungana na oksijeni, yakatenganishwa nayo kwa moto wa tanuru, na tangu siku hiyo chuma kinatafuta kurudi kule. Msasa huondoa kila kilichokuwa kinakizuia, kisha huongeza eneo, kwa maana uso wenye mikwaruzo ni mkubwa kuliko uso laini. Mikwaruzo hiyo tunaitaka ili rangi ipate pa kushika. Unyevu nao hupata pa kukaa.

Mvua haihitaji kukigusa chuma ili kukilowesha. Chukua hewa ya nyuzi joto 28 yenye unyevu wa asilimia 80. Mvuke wake hugeuka umande juu ya kitu chochote chenye nyuzi 24 hivi. Kanuni inayofuatwa na wapaka rangi za chuma ni kwamba uso wa chuma uwe na joto lisilopungua nyuzi 3 juu ya kiwango hicho cha umande, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Kwa hewa ya mfano wangu, chuma chenye nyuzi 26 hakijafikia. Nacho chuma kilicholala usiku kwenye sakafu ya saruji asubuhi huwa baridi kuliko hewa inayoingia mlango ukifunguliwa. Filamu ya maji inayotanda juu yake ni nyembamba mno kuonekana, na mkono ukigusa husikia ubaridi tu.

Asubuhi ile nilifungua mlango, nikaona jua, nikafurahi, nikaanza kupaka.

Leo ninaweka kipimajoto juu ya chuma chenyewe, si ukutani. Asubuhi nasubiri mpaka chuma kipate joto la kutosha, hata kama mikono inawasha kwa hamu ya kuanza.

## Fahari ya kuona fremu nzima iking'aa

Kuna tabia niliyolazimika kuiacha, na imenigharimu zaidi ya glovu. Nilipenda kuvua chombo kizima. Fremu iliyokwanguliwa yote, ikining'inia na kung'aa kutoka ncha hadi ncha, ni kitu kizuri kukitazama, na nilikuwa nikiwaita watu waje waione kabla sijaipaka. Kumbe kila saa ya kuonyesha ilikuwa saa ya kutu.

Sasa nagawa kazi. Nakwangua kile ninachoweza kukipaka praima siku hiyo hiyo, ndani ya saa chache, na mahali pa maungo nasawazisha ukingo wa praima kwa msasa laini ili kazi ya kesho ikae juu yake bila ngazi. Kama chuma kitupu lazima kisubiri, napendelea kukipaka mafuta mepesi au kukifunga kwa karatasi maalumu inayotoa mvuke wa kuzuia kutu, nikijua kwamba mafuta hayo yote yatanidai usafi mwingine kabla ya praima. Sipendi sana kisubiri. Na nikisafisha, naanza na sabuni na thina kabla ya msasa, kwa sababu msasa ukipita juu ya grisi huisukuma ndani ya mikwaruzo, ambako tambara halifiki. Matambara nayo huwa mawili: moja lenye thina, jingine kavu linalofuata mara moja nyuma yake, maana thina ikiachwa ikauke yenyewe huacha uchafu uleule ilioubeba. Kibamba cha tano kilinikumbusha hilo.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu kukipaka chuma asidi ya fosfori kabla ya praima, na jibu langu limebadilika. Faida yake haina shaka. Mwaka 1906 Thomas Watts Coslett, Mwingereza, alipata hataza ya kukinga chuma kwa asidi hiyo, na kizazi cha njia yake kipo hadi leo katika viwanda vya magari, ambako bodi hupitishwa kwenye bafu za fosfeti kabla ya kuguswa na rangi. Nguzo ya chuma ya Delhi, iliyosimama kwa takriban miaka 1,600, ina fosforasi nyingi ndani ya chuma chake, na watafiti waliichunguza wakaona tabaka jembamba la fosfeti likiwa sehemu ya kinachoilinda. Asidi hiyo ikilowesha chuma kisafi hugeuza uso wake kuwa fosfeti ya kijivu inayoshika rangi vizuri.

Ugumu uko kwenye mabaki. Asidi isiyosuuzwa ni chumvi nyingine chini ya rangi, na praima nyingi za epoksi, zile zinazogumu kwa kuchanganya sehemu mbili, haziipendi hata kidogo. Zinaweza kukataa kukomaa pale zinapoigusa. Kwa hiyo mimi huitumia kwenye vishimo ambavyo msasa haufiki, nasuuza, nakausha, na nasoma maelekezo ya praima kabla ya kuinunua, si baada ya kuifungua. Zile dawa za kugeuza kutu kuwa nyeusi nazitumia kwa shingo upande. Mahali ambapo naweza kufika chuma cheupe, naenda hadi chuma cheupe. Na spring au bolti za chuma kigumu siziloweki kwenye asidi kamwe, kwa sababu haidrojeni inayozalishwa huweza kuingia ndani na kuzifanya zivunjike kama kigae.

Alumini na mabati yana sheria zake. Alumini hujivika oksidi mara tu msasa unapoondoka, na haitaki brashi iliyokwisha kusugua chuma. Mabati hayataki rangi ya mafuta moja kwa moja, kwa sababu zinki huifanya rangi hiyo kuwa sabuni na baada ya muda hubanduka kama ganda. Hayo yanastahili makala yao.

## Kuvua yote

Nilikaa siku kadhaa na swali la kuvua fremu yote au sehemu mbili tu. Nilisoma tena habari za daraja la reli la Forth nchini Uskoti, lililofunguliwa mwaka 1890 na kupakwa rangi juu ya rangi kwa zaidi ya karne, hadi kupaka daraja la Forth kukawa msemo wa Waingereza wa kazi isiyokwisha. Mwishowe waliolitunza waliacha kuongeza. Walivua tabaka zote za zamani mpaka chuma, wakapaka praima ya zinki, epoksi yenye vigae vidogo vya kioo, na rangi ya juu, wakaimaliza kazi hiyo mwaka 2011. Praima ya namna hiyo hufanya kazi yake vizuri pale tu inapogusa chuma chenyewe. Juu ya rangi ya zamani au kutu haina kazi. Walilazimika kushuka hadi chini.

Fremu ya baiskeli si daraja. Hata hivyo nilimwambia jirani yangu ukweli wote: kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba sehemu zilizoonekana nzima sizidhamini, na kwamba nataka kuivua yote tena bila yeye kulipa chochote. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama baiskeli ingekaa muda mrefu, nikamwambia ingekaa zaidi ya mara ya kwanza.

Nilipovua, chini ya rangi iliyoonekana nzima kwenye bomba la chini, chuma kilikuwa kimefifia kwa rangi ya kahawia nyepesi sana, mithili ya maji yaliyochovywa majani makavu. Hakikuwa kimevimba. Kilikuwa kinaelekea huko.

Safari hii niliigawa fremu katika sehemu tatu. Kingo kali za maungo nilizipunguza kwa tupa, maana rangi ikiwa mbichi hujivuta na kuukimbia ukingo mkali, na mahali hapo hubaki nyembamba. Kisha nilizipaka praima kwa brashi ndogo kwanza, kabla ya kupulizia sehemu nyingine. Kila sehemu ilisuuzwa, ikakaushwa, ikapigwa msasa, ikafutwa na kupakwa kabla jua halijapita utosini. Niliitundika kwa waya uliopita ndani ya bomba la kiti ili nisihitaji kuishika, na palipohitajika kugeuza niligeuza waya.

Rangi ya juu ilikauka kwa kugusa siku ile ile, lakini ndani inakomaa polepole, na maelekezo yanataka siku saba kabla ya kufunga vifaa. Leo ni siku ya nne. Pembeni yake, kwenye msumari mmoja, nimevitundika kibamba cha tatu na cha nne kwa pamoja, na jirani yangu alipopita jana jioni alivishika vyote viwili, akavigeuza kwenye mwanga, akahesabu mapengo ukingoni, akaniuliza ni dole la mkono upi.

Nikamwonyesha la kulia.